Gari la Babu na Mpaka wa Hati ya Bima

Gari la kale halikosekani Kitale. Ukisimama asubuhi ya siku ya soko kando ya barabara itokayo Kiminini, utaliona likija polepole: Peugeot 504 iliyokwisha kupakwa rangi mara tatu, Land Rover ya bodi ya alumini iliyobonyea ubavuni, au Volkswagen ya mgongo wa kobe ambayo sauti yake hufika kabla yake. Ukishuka hadi Bungoma utayakuta hayo hayo. Wenyewe huyapenda magari haya kwa mapenzi ambayo mgeni hawezi kuyafahamu kwa siku moja. Gari lilinunuliwa na babu, likampeleka mama hospitali kujifungua, likabeba jeneza la babu mwenyewe siku alipozikwa, na sasa limo mikononi mwa mjukuu anayelipangusa kila Jumamosi.

Ukurasa huu umezoea kuzungumza juu ya milango ya nakshi, majahazi, ngoma na mavazi. Si makosa leo kuliingiza gari la kale katika hesabu hiyo, kwani nalo ni kitu kilichotoka kwa wazee kikatufikia. Na urithi wowote una mambo mawili: kuutunza na kuutumia. Kwa kutunza, watu wetu ni hodari. Lakini katika kutumia, hasa pale matumizi yanapokutana na hati ya bima, twaona jambo ambalo laweza kuwaumiza watu wasio na hatia. Jambo hilo ndilo tutakalolisema, na ingawa twalisemea Kitale na Bungoma, mwenzetu wa Mombasa, Malindi au Lamu asidhani kwamba halimhusu.

Kwanza tuulize: kwa nini magari haya yamebaki huko? Reli ilifika Kitale mwaka 1926, na mashamba makubwa ya walowezi yakawa yanahitaji magari ya kwenda porini na kurudi. Bungoma ipo kwenye njia kuu ya reli na barabara ya kwenda Uganda. Kisha yakaja mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953, ambayo yaliwafundisha watu wa nchi hii kulipima gari kwa matope na mawe. Peugeot 404 ilishinda Safari mwaka 1963, halafu miaka mitatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968. Ndugu yake, 504, ikashinda mwaka 1975. Mkulima aliyesikia habari hizo redioni hakuhitaji tangazo jingine. Ndiyo maana kwa miaka mingi mtu aliyetaka kutoka Kitale kwenda Nairobi aliuliza tu, "Peugeot inaondoka saa ngapi?" na kila mtu alijua anataka gari gani.

Tena Serikali imeyafunga malango ya bandari. Kwa kanuni za Kenya, gari lililokwisha kutumika haliruhusiwi kuingizwa nchini likiwa limepita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa hivyo gari la kale lililomo Kitale aghalabu ni lile lililokuja likiwa jipya na kuzeekea papo hapo. Likifa halina badala. Hapo ndipo thamani yake inapoanza kupanda, na mwenyewe huanza kuambiwa na wapita njia, "Mzee, usiliuze hili."

Basi mwenye gari hili, kama mwenye gari lolote, hulazimika kukata bima. Huenda kwa ajenti, hulipa, hupewa cheti, na hurudi nyumbani na moyo mkunjufu. Muulize amelipa kiasi gani, atakujibu mpaka senti. Muulize bima hiyo yaisha lini, atakuambia tarehe. Lakini muulize hati yake yasema gari litumike kwa kazi gani, utamwona ananyamaza. Maneno hayo yamo ndani ya hati, na ukweli ni kwamba yana uzito kuliko bei na tarehe zote mbili.

Maneno yenyewe huitwa mipaka ya matumizi. Katika hati ya gari la binafsi, mipaka hiyo kwa kawaida husema hivi kwa muhtasari: gari litumike kwa shughuli za mwenyewe, za nyumba yake na za matembezi, na pengine kwa kazi yake mwenyewe. Kisha huja makatazo. Lisitumike kuchukua abiria kwa ujira. Lisikodishwe. Lisibebe mizigo ya biashara. Lisiingie mashindano ya mbio wala majaribio ya kasi. Hayo si maneno ya kujaza karatasi. Kampuni ilipopiga hesabu ya ada, ilipiga kwa gari linalokwenda msikitini, kanisani, sokoni na kwa wakwe, si kwa gari linalopakia watu saba kila Jumamosi.

Tuchukue mfano, ili jambo hili lionekane kwa macho. Tuseme yuko mzee mmoja wa Kitale mwenye Peugeot 504 ya miaka ya sabini, inayong'aa kama sinia ya shaba. Jirani anaoza kijana wake Bungoma. Kamati ya arusi inakuja jioni, inakaa, inakunywa chai. Mwenyekiti anasema, "Mzee, bibi arusi hatapanda gari jingine ila hili lako. Tutakutilia mafuta, na kitu kidogo cha kukushukuru hakitakosekana." Mzee anaona haya kukataa, na kwa kweli anaona fahari pia. Siku inafika. Gari linafungwa riboni, linashuka kwa njia ya Kamukuywa na Webuye hadi Bungoma, watu wanapiga picha, watoto wanalikimbilia. Usiku, katika kurudi, limejaa shangazi na wajomba, mvua inanyesha, na mbele linatokea trekta lisilo na taa. Linamkwepa trekta, linamgonga mwendesha baiskeli, na linaingia mtaroni.

Asubuhi yake habari zinafika kwa kampuni ya bima. Swali la kwanza la mpelelezi wa kampuni halihusu breki wala matairi. Huuliza: "Gari lilikuwa katika safari gani, na nani alimlipa nani?" Shangazi aliyelazwa na mguu uliovunjika, kwa wema wake, anajibu bila kujua anachokisema: "Kamati ilimpa mzee pesa, wala hakutubeba bure." Jibu hilo laweza kumgharimu mzee shamba lake.

Hapa yafaa tueleze sheria, maana watu wengi hudhani kwamba bima ni bima, na kwamba kampuni haina hila ya kumkimbia aliyeumia. Nusu ya dhana hiyo ni kweli. Uingereza ililazimisha bima ya kuwalinda watu wa barabarani mwaka 1930. Baada ya muda mfupi wakubwa wa huko wakaona kwamba kampuni zilikuwa zikijaza masharti kwenye hati hata mtu aliyegongwa akawa hana cha kupata. Mwaka 1934 wakatunga sheria nyingine ya kuyavunja baadhi ya masharti hayo. Kenya ilirithi mwendo huo huo katika sheria yake ya bima ya magari, ile iitwayo Sura ya 405.

Sheria hiyo ina orodha. Yasema kwamba kampuni haiwezi kumnyima fidia mtu wa nje aliyeumia kwa sababu ya umri au afya ya dereva, au kwa sababu gari lilikuwa bovu, au lilizidisha idadi ya watu, au lilibeba uzito uliopita kiasi, au liliendeshwa saa zisizoruhusiwa au sehemu zisizotajwa, au kwa sababu ya nguvu za injini yake au thamani yake. Masharti ya namna hiyo, hata yakiandikwa kwa wino wa dhahabu, hayana nguvu mbele ya majeruhi ambaye sheria imeamuru alindwe. Kampuni italipa kwanza, kisha itageuka na kumdai mwenye gari.

Lakini isome orodha hiyo tena, msomaji, na utafute kusudi la safari. Halimo. Sheria imevunja sharti la saa, sharti la mahali na sharti la idadi, lakini sharti la gari linatumika kwa kazi gani imeliacha limesimama. Kwa hivyo kampuni yaweza kwenda mahakamani na kusema kwamba gari la binafsi lilikuwa likifanya kazi ya kukodishwa, kazi ambayo haikuikatia bima, na kwamba kwa safari ile hapakuwa na bima yoyote. Ikikubaliwa, si shangazi peke yake anayekosa. Huyo mwendesha baiskeli, ambaye hakualikwa arusini wala hakula pilau yake, naye huenda asipate kitu kutoka kwa kampuni. Atabaki kumdai mzee, na mzee ana nini zaidi ya ekari chache za mahindi na gari lililobondeka? Juu ya hayo, mzee mwenyewe aweza kushitakiwa kwa kuendesha gari lisilo na bima, ilhali cheti anacho mfukoni.

Liko jambo jingine linalohusu abiria, na wengi hawalijui. Sheria hiyo hiyo hailazimishi bima ya kumlinda abiria wa gari isipokuwa pale anapochukuliwa kwa malipo au kwa ajili ya kazi ya ajira yake. Yaani ndugu yako uliyempakia bure kwa mapenzi hayumo katika ulinzi wa lazima. Akitakiwa awemo, ni lazima hati iseme hivyo, na kampuni nyingi huliongeza hilo kwa ada kidogo. Na hata yule ambaye sheria yamlinda, kiwango cha lazima kina kikomo: shilingi milioni 3 kwa madai ya mtu mmoja. Sasa angalia mtego ulivyo. Abiria wa bure halazimiki kukatiwa bima. Abiria wa malipo yalazimika akatiwe, lakini hati ya gari la binafsi imemkataa. Shangazi wa arusi yumo katikati, hana pa kushika.

Najua kuna watakaosema: hii ni sheria ya wenye roho ngumu. Sisi watu wa Afrika tunasaidiana. Mtu akitiliwa mafuta, je, amekuwa mfanya biashara ya matatu? Swali hilo ni la haki, na hata mawakili hubishana juu yake. Kugawana gharama ya mafuta baina ya ndugu si sawa na kutoza nauli. Lakini tusijidanganye. Mkono unaotoa shilingi mia tano za mafuta leo ndio utakaotoa elfu tano za "shukrani" mwezi ujao, na mwezi wa tatu jina la mzee litakuwa limekwisha kuenea Webuye na Kimilili kwamba ana gari la arusi na bei yake ni kadhaa. Hakuna siku aliyoamka akasema, "Leo naanza biashara." Biashara ilimwingia kama maji yaingiavyo jahazini, tone kwa tone, na nahodha hajui mpaka miguu imelowa. Anayechukua abiria kwa nauli yampasa pia awe na leseni ya kazi hiyo kutoka kwa NTSA, mamlaka ya usalama barabarani iliyoundwa mwaka 2012. Mzee wetu wa arusi hana habari nayo.

Wala wazo lenyewe la kuheshimu mpaka wa matumizi si geni kwetu, wala hatukuletewa na Mzungu. Aliyekaa darasani kwa mwalimu akasoma mlango wa ijara anakumbuka mas'ala ya mnyama wa kukodi. Mtu akikodi punda wa kupanda mpaka mahali fulani, kisha akampitisha mahali pale, au akampakia mzigo badala ya kumpanda, amevuka mapatano, na punda akifa dhamana ni juu yake. Watu wa Lamu, ambao punda ndio gari lao, hawahitaji kufafanuliwa hilo. Mapatano hayakuwa juu ya punda peke yake. Yalikuwa juu ya punda na safari. Bima nayo ni hivyo hivyo. Hukukata bima ya gari. Umekata bima ya gari katika kazi fulani. Na anayetaraji kwamba takaful itakuwa na mkono mlaini zaidi, tangu Kenya ilipopata kampuni ya kwanza ya namna hiyo mwaka 2011, naye apime. Mfuko wa takaful ni pesa za wenzako waliochangia. Je, ni haki mfuko huo ulipie safari ambayo wenzako hawakuambiwa?

Sasa tutazame wenzetu wa ng'ambo wanavyofanya. Huko kuna bima mahsusi ya magari ya kale, na ada yake aghalabu ni nafuu kuliko ya gari la kila siku. Kampuni moja ya Marekani iliyopata jina kubwa kwa kazi hii, Hagerty, ilianza mwaka 1984 kwa kukatia bima mashua za kale za mbao, jambo ambalo fundi wa majahazi wa Lamu angelifahamu upesi. Lakini unafuu huo una bei yake. Gari lilale ndani ya banda linalofungwa. Mwenyewe awe na gari jingine la kwendea kazini. Kilomita za mwaka zihesabiwe. Litoke kwa maonyesho, misafara ya vilabu na matembezi ya mara moja moja. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lililoundwa mwaka 1966, lataka gari la kale liwe limetimiza miaka 30, liwe limehifadhiwa katika hali yake ya asili, na lisiwe chombo cha usafiri wa kila siku.

Sharti hilo la mwisho ndilo linalotutenga. Gari la kale la London hulala siku sita na kutoka siku ya saba. Gari la kale la Kitale hupeleka maziwa alfajiri, huleta mbolea mchana, na jioni hutafutwa na jirani ambaye mtoto wake ana homa. Ni la kale kwa umri, lakini kwa kazi ni kijana. Kwa hivyo mtu asichukue hati ya mfano wa ng'ambo, akafurahia ada ndogo, kisha akaliendesha gari lake kama alivyozoea. Atakuwa amenunua mwavuli wa kiangazi na kuufungua katika masika.

Hapa kwetu shida nyingine ni kwamba kampuni nyingi hukataa kulipa gari lililopita umri fulani bima kamili. Mwenye gari la kale huachiwa ile bima ya kuwalinda wengine tu, ambayo watu huiita "thadi pati". Gari lake likiungua au likiibwa, hasara ni yake. Na akibahatika kupata bima kamili, sharti aulize: thamani itakayolipwa ni ipi? Ikiwa ni thamani ya soko siku ya ajali, atakuta soko la magari makuukuu halijui mapenzi. Litamhesabia bei ya vyuma. Njia ya salama ni thamani ya makubaliano, iliyopimwa na mthamini na kuandikwa kabla ya ajali. Katika bima kamili, tena, yale masharti ya saa na mahali ambayo sheria iliyavunja kwa faida ya majeruhi hubaki na meno yote juu ya gari lako mwenyewe.

Yako pia magari ya nakala. Huko Ulaya na Marekani watu huunda gari jipya kwa sura ya kale, na bima yake hutaka kila kitu kitajwe: nani ameliunda, injini ya nani, fremu ya nani. Mtu wa Bungoma atacheka aseme hayo ni mambo ya matajiri. Asicheke. Aende gereji yoyote atazame Land Rover zilizotiwa injini za Toyota au Isuzu. Sura ni ya babu, moyo ni wa mgeni. Hakuna ubaya katika ufundi huo, na umeokoa magari mengi. Ubaya ni pale hati ya bima na kitabu cha gari vinapoeleza injini iliyokwisha kuuzwa kwa vyuma chakavu. Kampuni ikigundua kwamba haikuambiwa jambo la maana, imepata mlango wa kuomba mahakama iifute hati. Fundi akimaliza kazi, badiliko lisajiliwe, na kampuni ijulishwe kwa maandishi.

Misimu nayo ina mitego yake. Mavuno ya mahindi yanapofika Trans Nzoia, kila pikapu kuukuu hugeuka lori. Iliyokatiwa bima ya kubeba mizigo ya mwenyewe hupakia magunia ya jirani kwa kiasi fulani kila gunia, na hiyo ni kazi nyingine yenye bima nyingine. Upande wa Bungoma, mwezi wa Agosti wa kila mwaka unaogawika kwa mbili, Wabukusu hutahiri vijana wao, na barabara hujaa watu wakipelekana huku na huko kwa shangwe. Gari la babu hapo haliachwi nyumbani. Wala wapenzi wa mbio wasijisahau: Safari ya magari ya kale, iliyoanzishwa mwaka 2003, imewatia wengi hamu, lakini kujaribiana kasi barabarani na rafiki kumo katika makatazo ya hati ya kawaida. Hata maonyesho, kama yale ya Nairobi ya kushindanisha magari kwa uzuri yaliyoanza mwaka 1970, yafaa mtu aulize kwanza kama njia ya kwenda na kurudi imo.

Basi twataka nini? Kwa wenye magari, mambo ni machache. Mweleze ajenti kweli yote: gari lina umri gani, injini ipi, nani huliendesha, na hufanya kazi gani katika mwaka mzima, si katika siku ile ya kukata bima. Kama huchukua maarusi, sema. Kama huombwa kubeba mahindi, sema. Uliza kama abiria wamo. Majibu yatoke kwa karatasi, kwani ajenti mwenye maneno matamu huenda mwakani yuko kazi nyingine. Na kamati ya arusi, kabla ya kutafuta riboni, imwombe mwenye gari aonyeshe hati yake. Akiwa hataki kugeuza bima, alichukue gari bila malipo yoyote na abiria wawe wamo katika hati, au akatae kwa adabu.

Kwa kampuni za bima twasema kwa nguvu zaidi, kwa sababu wao ndio walioandika. Ibara ya 7 ya Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Kwa nini basi mkulima wa Kiminini apewe hati ya Kiingereza cha mawakili, na mipaka ya matumizi ijifiche katikati ya karatasi kama siafu katika majani? Ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi ungetosha: gari lako laweza kufanya haya, haliwezi kufanya haya. Pili, itengenezwe bima ya siku moja au siku mbili ya kuongeza juu ya hati ya kawaida, ili mzee alipe kitu kidogo na kumbeba bibi arusi kwa halali. Siku za arusi zajulikana, na safari zake zahesabika. Kampuni itakayobuni njia hiyo haitakosa wateja. Tatu, Mamlaka ya Kudhibiti Bima, ambayo kazi yake ni kumlinda mwenye kukata bima, ihakikishe ajenti anawajibika kusoma mipaka hiyo kwa sauti kabla ya kupokea pesa.

Hatusemi magari ya kale yaondolewe barabarani. Mji ambao hauna kitu kizee ni kama mtu asiye na babu. Kitale ina jumba lake la makumbusho lililofunguliwa mwaka 1974, lakini makumbusho bora ya magari yake bado yako barabarani, yakitembea, yakitoa moshi kidogo, na kila moja likiwa na hadithi ya nyumba nzima. Twataka yaendelee kutembea. Twasema tu kwamba fahari ya siku moja isilipwe kwa mguu wa shangazi, wala kwa maisha ya mwendesha baiskeli ambaye hakuna aliyemuuliza. Kabla ya kuwasha gari la babu kesho asubuhi, mwenye nalo aitoe hati, aisome, na kama Kiingereza chake kimemshinda, amwite kijana wa shule amsomee neno kwa neno. Ahadi ni deni, na deni la kitu ambacho mtu hakukisoma ndilo zito kuliko yote.